Joto la Amplifaya

Tulipogawana vitu vya baba, kaka yangu alichukua msumeno wa mashine, mdogo wangu akachukua baiskeli, na mimi nikachukua amplifaya na vifaa vyake. Nilitangaza kwamba ni yangu kabla mtu hajaniuliza, tena kwa ile sauti yangu ya darasani inayomnyamazisha hata anayekaa benchi la nyuma kabisa. Nafundisha hisabati, kwa hiyo nimezoea kutobishiwa. Kaka yangu alicheka akasema, "Chukua, ila ikianza kukusumbua usiniite." Nikamjibu kwamba kati yake na amplifaya, namjua anayesumbua.

Ilikuwa ya zamani, ya Kiingereza, nyeusi, fupi, nzito kuliko inavyoonekana. Baba aliinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, pamoja na spika mbili na deki ya kaseti. Miaka yote niliyokulia Kifanya ilikaa sebuleni kwenye meza yake ya peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho baba alikitoa kila alipoiwasha na kukikunja mara nne. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu juu yake, hata Biblia. Mgeni mmoja aliwahi kuweka kofia. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mtu mpole, lakini aliinyanyua kofia ile akamrudishia mwenyewe mkononi, na mgeni akakaa nayo mapajani hadi chai ilipokwisha.

Sasa, nyaya zake zilikuwa aibu tupu. Ulikuwa waya wa kawaida wa nyuzi mbili, ule wa kufungia taa, nyekundu na nyeusi, plastiki imepauka. Tena mrefu bila sababu. Kutoka mezani hadi kwenye spika zilikuwa hatua tatu, lakini kila waya ulipanda ukutani, ukapita juu ya dirisha, ukazunguka picha ya harusi, ndipo ukashuka. Tulikuwa tunamtania baba kwamba muziki unachoka njiani. Yeye alisema mashine hii haipendi kubanwa, na sisi tukaamini kwamba ni ubahili wa kutotaka kukata waya. Baba hakuwa mtu wa kukata kitu ambacho huenda kikahitajika kikiwa kizima.

Mwaka huu, baridi ilipoanza, nilimleta mama kwangu Njombe mjini. Viungo vya vidole vyake vinamuuma, na Kifanya alikuwa peke yake na kuku. Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na boksi moja la kaseti, na boksi ndilo alilolipakata.

Katika boksi lile kulikuwa na kaseti moja iliyofungwa ndani ya soksi. Ni kwaya ya usharika wetu wa zamani, iliyorekodiwa kanisani siku ya sikukuu ya mavuno, na baba yupo kwenye besi. Wako watu kama thelathini wanaimba pamoja, na mtu akikuambia anamsikia baba yake katikati ya watu thelathini ni mwongo. Isipokuwa mahali pamoja, ambapo sisi watoto tulipajua kwa kusimuliwa tu. Kwenye wimbo wa nne, ubeti wa mwisho, besi zilitakiwa zisubiri. Baba hakusubiri. Aliingia peke yake, kwa nguvu zote za mtu mwenye uhakika, akaimba maneno matatu kabla hajagundua kwamba wenzake wote wamenyamaza. Mwalimu wa kwaya hakumsamehe mpaka walipozeeka wote wawili. Mama alikuwa sauti ya kwanza, amesimama mbele yake hatua mbili, na anasema alicheka mpaka akashindwa kuimba.

Hatuna rekodi nyingine ya sauti ya baba. Simu zilipokuja yeye alikuwa mtu wa kusema "haya, haya" na kukata.

Mama alitaka tuisikilize siku moja tu: Jumapili ya kumbukumbu ya baba, mwaka mmoja tangu azikwe, watoto wote wakiwepo. Kabla ya hapo hapana. "Mkanda umezeeka," alisema. "Ukikatika kwenye majaribio yenu, mtaniimbia ninyi?" Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: kuhakikisha mpaka Jumapili hiyo mashine inaimba vizuri kuliko ilivyowahi kuimba.

Hapo ndipo kiherehere kilipoanza.

Nilijiunga na kundi la kwenye simu la wapenzi wa muziki. Ni watu wa ajabu. Wanaweza kubishana siku tatu juu ya soketi ya ukutani. Niliweka picha ya nyaya za baba, na baada ya dakika mbili mtu mmoja akaandika kwamba kuunganisha mashine ya namna hiyo kwa waya wa taa ni kama kumvalisha bibi harusi kandambili. Wengine wakaweka vikatuni vya kulia. Mimi, ambaye wanafunzi wangu hawathubutu kunicheka, niliumia. Nikauliza waya mzuri ni upi. Wakajibu wote kwa pamoja, na kila mmoja kivyake, ila mmoja aliyeonekana msomi alieleza kwa kirefu: chukua waya wa mtandao, ule wa kuunganishia kompyuta, uchune, ndani yake mna nyuzi nane nyembamba za shaba, chukua nyuzi za nyaya tatu, uzisuke pamoja, zibane sana, halafu uwe mfupi iwezekanavyo. Sauti itafunguka.

Nyuzi ishirini na nne kwa kila spika nilizipata. Shuleni walikuwa wamebadilisha waya wa chumba cha kompyuta, na mabaki yalikuwa yanasubiri kutupwa. Kusuka sijui, lakini wifi yangu anasuka. Mke wa mdogo wangu ana saluni Makambako, na kwa vidole vyake ningeweza kumwachia hata nyuzi mia. Nikampelekea.

Alizipokea, akazipima kwa mkono, akaniangalia kichwani, akarudi kwenye nyuzi.

"Wifi, hizi zina afya kuliko nywele zako."

"Suka."

"Nikusukie mtindo gani? Yeboyebo? Twende kilioni?"

"Wowote unaobana."

Alisuka akiwa amefunga ncha kwenye kitasa cha mlango, anaongea na wateja wengine, bila kutazama mikono yake. Misuko miwili, kila mmoja mita mbili kasoro, imebana kama ya mtoto anayepelekwa shule ya bweni. Wateja waliisifu. Mmoja aliuliza kama ile rangi ya bluu inapatikana kwa nywele za kawaida. Nilirudi Njombe nimejaa majivuno.

Siku hiyohiyo nikafunga misuko nyuma ya amplifaya. Nyaya za baba nikazikunja, na kwa kuwa kamba yangu ya kuanikia ilikuwa imeoza, nikazitoa nje nikazifunga kati ya nguzo ya umeme wa jua na mti wa parachichi. Nilijisifu kwamba sijatupa kitu. Mama alisimama mlangoni, amejifunga shali mbili, akatazama nikianika mashuka kwenye nyaya za mumewe. Ningejua maana ya kutazama kule, ningeziteremsha palepale.

Muziki ulikuwa mzuri. Kweli kabisa, sitaki kudanganya: au ulikuwa mzuri au nilikuwa nimeshaamua kwamba ni mzuri, na mambo hayo mawili hayatofautiani sana. Nikapiga kaseti nyingine za kwaya, nikaandika kwenye kundi kwamba nasikia mpaka watu wakivuta pumzi. Walinipongeza.

Siku ya pili amplifaya ikapata joto.

Hapa inabidi msomaji aliyezoea Dar es Salaam anivumilie. Njombe wakati wa Julai ni mahali ambapo unaamka unakuta nyasi zimekuwa nyeupe, na mtu anavaa koti ndani ya nyumba na kulivua akienda nje juani. Wageni wanatucheka kwamba tunalala na soksi. Hatulali na soksi tu, tunalala na kofia. Kwa watu wa namna hii, kitu chochote kinachotoa joto ndani ya nyumba hakiulizwi maswali. Kinasogelewa.

Tuliisogelea. Kwanza paka. Alipanda juu yake, akajiviringisha, akawa ndiye kitambaa cha kufuma. Halafu mama alivuta kiti chake mpaka karibu na meza, akaweka mikono yake miwili juu ya kifuniko, pembeni ya paka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kwangu nimwone amefungua vidole vyote. Baada ya wiki moja kikombe chake cha chai kilikuwa kinakaa hapo kisipoe, na glavu zangu zikawa zinakaukia hapo. Mwinjilisti alipokuja kusali na mama, alianza kukaa kochi la mbali, na kila baada ya zaburi akahama kiti kimoja. Alipofika "amina" alikuwa ameinama kwenye amplifaya, viganja vimenyooshwa, na sala yenyewe ilikuwa ndefu kuliko kawaida.

Niliwaeleza wenzangu wa kwenye simu kwamba mashine ina joto. Msomi akajibu: chombo bora lazima kiwe na joto. Nikaridhika. Tena nilimnukuu kwa mama.

"Mama, umeona? Kitu bora kina joto."

"Nimeona," alisema mama, mikono bado iko juu. "Kina joto sana."

Mwalimu wa hisabati alipaswa kujiuliza swali dogo. Joto lile lilikuwepo hata muziki ukiwa umezimwa sauti kabisa. Lilikuwepo spika zikiwa kimya kama ukuta. Kama haimbi, inatumia nguvu hizo kufanya nini? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeniuliza. Lakini baridi ina namna yake ya kupunguza akili, na majivuno nayo yana yake, na mimi nilikuwa na vyote viwili.

Jumatano, siku nne kabla ya kumbukumbu, nilikuwa jikoni namenya viazi nikasikia paka ameruka. Halafu nikasikia harufu, ile ya plastiki inayoungua ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Nilipofika sebuleni moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye matundu ya kifuniko, na taa ndogo nyekundu ya mbele ilikuwa imezimika. Nikachomoa plagi. Mama alikuwa amesimama, mikono ameinua hewani juu ya kifuniko, utadhani bado anaota joto.

"Imekufa?" aliuliza.

"Sijui."

"Ya baba yenu haikuwa na joto."

Nilimgeukia. "Unasemaje?"

"Haikuwahi kuwa na joto. Miaka yote. Ilikuwa baridi kama sahani."

"Mama, na wewe umekaa hapo wiki tatu umeiwekea mikono. Kwa nini hukusema?"

Niliuliza kwa ukali. Nakiri. Ni ule ukali wa mtu anayejua kosa ni lake na anatafuta wa kugawana naye. Mama alikaa chini, akavuta shali, akaficha mikono.

"Mikono ilikuwa inaniuma," alisema. "Kila usiku nilikuwa namwambia baba yenu mikono inaniuma, mikono inaniuma. Halafu mashine yake ikapata joto. Nikadhani amesikia."

Nilirudi jikoni nikamenya viazi vyote vilivyokuwepo kwenye ndoo, hata vile vya mbegu.

Nilimpigia wifi. Alisikiliza, hakutania hata kidogo, na hapo nikajua mambo ni mazito. Akasema nyuma ya saluni yake yuko fundi mzee, zamani alikuwa anashughulikia nyaya za simu za relini, sasa anatengeneza redio. "Mlete mgonjwa," alisema. Kesho yake asubuhi jirani yangu alikuwa anapeleka mbao Makambako, nikapanda kwenye kabini ya lori lake na amplifaya mapajani, nimeifunga shali ya mama. Njia nzima jirani aliendesha taratibu kwenye matuta, bila kuambiwa.

Makambako ilitupokea na upepo wake. Kama Njombe ni baridi inayokaa, ya Makambako inatembea, na ilinisindikiza mpaka ndani ya kibanda cha fundi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Wifi yako ameniambia. Iweke hapa."

Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, anaongea kana kwamba maneno ni vifaa vya kununua dukani. Alifungua kifuniko, akanusa, akapekua kwa kalamu ya mti. Fyuzi ilikuwa imekatika, na kirezista kimoja karibu na mlango wa kutokea spika kilikuwa kimeungua mpaka kimebaki jina. Vile vikubwa, alisema, vimepona kwa bahati. Akabadilisha vilivyoharibika nikiwa nimesimama juu yake nikihesabu pumzi, na wifi ameacha mteja akiwa amesukwa nusu kichwa, akaja kutazama.

Halafu akafanya jambo ambalo ningependa wanafunzi wangu wangeliona. Hakuichomeka amplifaya moja kwa moja ukutani. Umeme aliupitisha kwanza kwenye balbu ya kawaida, ili mashine ikila umeme mwingi, balbu iwake zaidi. Akafunga spika yake ya majaribio kwa kipande kirefu cha waya wa taa, akawasha. Balbu ilimulika mara moja, ikafifia, ikabaki na wekundu kidogo tu kama kaa linalozimika.

"Iko sawa," alisema. "Sasa nipe ulizokuwa unatumia."

Nilitoa msuko mmoja kwenye mkoba. Aliuchukua kwa ncha mbili za vidole.

"Nani kasuka?"

"Mimi," alisema wifi, kifua mbele.

"Umesuka vizuri sana. Ndiyo shida."

Akatoa waya wa taa, akafunga msuko. Balbu ikawaka. Hakuna muziki, hakuna sauti, spika iko kimya, na balbu inawaka ikaangaza kibanda chote. Fundi akachukua redio ndogo ya betri, akaiweka mahali pasipo na stesheni, akaisogeza karibu na amplifaya. Redio ikalia. Akafungua msuko, redio ikatulia. Akaufunga tena, ikalia tena.

"Unaisikia? Hiyo ni amplifaya yako. Inapiga kelele kwa sauti ambayo sikio la mtu halifiki. Imekuwa inapiga kelele hivyo mchana kutwa. Kwa nini isichoke?"

Alizima haraka asije akalazimika kuitengeneza upya, akanieleza. Nyuzi za kupeleka umeme na nyuzi za kuurudisha nimezilaza pamoja, zimebanana, zimekumbatiana. Zikikaribiana namna hiyo, zinaweka umeme kidogo kati yao na kuuachia kwa kuchelewa. Mashine nyingine hazijali. Hii ni ya wale mafundi wa zamani ambao hawakuiwekea koili ya kinga mlangoni, kwa sababu walitegemea mwenye nayo atatumia waya wa kawaida, tena mrefu. Urefu wenyewe ndio kinga. Ukiifungia waya mfupi uliobanana inatazama kazi yake, inaona imechelewa, inasahihisha, inapitiliza, inasahihisha tena. Haiishi kutetemeka.

Namjua mwanafunzi wa namna hiyo. Anafuta jibu, anaandika, anafuta, mpaka karatasi inatoboka, na jibu la kwanza lilikuwa sahihi.

"Basi nitafute waya gani, baba?"

"Wa nyuzi mbili, zinazokwenda sambamba, zisizosukwa. Usiwe mwembamba. Mita tano au zaidi kila upande, na pande zote mbili zilingane. Unaobaki usiuviringishe, upitishe ukutani." Akavua miwani. "Mwenyewe, marehemu, alikuwa anatumia waya gani?"

Wifi aliangalia dari. Mimi niliangalia balbu.

"Ndio huohuo," nilisema.

"Uko wapi?"

"Uko nje. Umeanikiwa nguo."

Fundi hakucheka. Alisema tu kwamba jua na mvua ya wiki tatu haviui shaba, nikate ncha zilizoingia ukijani mpaka nione wekundu, na nikikata huku nikate na kule. Wifi ndiye aliyecheka, na alicheka mpaka mwenye nusu kichwa akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi nilishusha mashuka, nikafungua nyaya za baba kwenye parachichi. Mama alitoka kunitazama kama siku ile.

"Na nguo zitaanikwa wapi?"

Nilimwonyesha misuko. Niliiunganisha ncha kwa ncha, nikaifunga mtini na nguzoni. Niseme ukweli, kamba imara kama ile sijapata kuwa nayo. Inabeba mablanketi mawili yaliyolowa, na vibanio havitelezi. Nimeandika hivyo kwenye kundi. Walinitoa.

Ndani, nilipopima nyaya za baba ili nizisawazishe, niligundua kwamba hazikuhitaji kusawazishwa. Baada ya kukata vipande viwili vya ukijani vinavyolingana, zilitoshana mpaka kidole. Mtu tuliyemwita bahili alikuwa amepima. Sijui kama yule daktari ndiye alimwelekeza, au alijua mwenyewe kwa kusikiliza. Sikuwahi kumuuliza kuhusu kitu hata kimoja alichokifanya kwa mikono yake, na nilikuwa na miaka arobaini ya kumuuliza. Jambo hilo limeniuma kuliko moshi. Nilipandisha waya ukutani, nikaupitisha juu ya dirisha, nikauzungusha nakala yangu ya picha yao ya harusi, nikaushusha.

Jumapili tulitoka ibadani tukajaa sebuleni, kaka yangu, mdogo wangu na wifi, wajukuu sakafuni, mama kwenye kiti chake karibu na meza. Kaka yangu alitazama waya wa taa ukutani akasema, "Sasa hapo pamefanana." Mama akatoa kaseti kwenye soksi. Kabla hajanipa alituambia, "Leo mtamsikia baba yenu akikosea. Mtulie."

Tulitulia. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkanda ulikuwa unakwaruza kidogo lakini ulishika. Wa nne ulipofika ubeti wa mwisho, sauti zote zikashuka, kanisa lile la zamani likawa kimya, na katikati ya kimya hicho baba akaingia. Peke yake. Maneno matatu, sauti nzito, imenyooka, haina wasiwasi wowote. Halafu akasita, na kwa mbele, karibu sana na maikrofoni, mwanamke akacheka na kujizuia.

Hatukuwa tunajua kwamba kicheko kimo. Kaka yangu aliinama akaficha uso kwenye kofia yake.

Mama alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha amplifaya. Kilikuwa baridi kama sahani. Nilimtazama, nikaogopa. Aliuacha mkono pale kwa muda, vidole vimekunjika kwa maumivu yao, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaurudisha ndani ya shali.

"Ndiyo yake," alisema. "Haya, mmoja wenu aniletee jiko niote moto. Na wewe mwalimu, rudisha nyuma kidogo. Aingie tena."